Titi Kwanza, Sindano Baadaye

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ukungu umeganda juu ya Mgeta hadi saa tano. Akina mama wameshuka kutoka vitongojini hadi kituoni kwetu, watoto wamefungwa vitenge juu ya vitenge, pua tu ndiyo inayoonekana. Siku ya chanjo ya BCG benchi hujaa, maana kichupa kikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa sita, nasi hungoja watoto wakusanyike ndipo tukifungue. Mtoto akiitwa huvuliwa bega kwenye baridi, huchomwa, hulia.

Bibi mmoja aliyemsindikiza binti yake ameniambia, "Usihangaike, mwanangu. Kichanga hajui maumivu, analilia baridi tu." Nimemjibu, "Anayajua, bibi. Mtazame uso." Nyusi zilikuwa zimekunjamana, macho yamefumbwa kwa nguvu, mikunjo miwili imeshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Hizo ndizo alama wanazozitumia wataalamu kupima maumivu ya asiyeweza kusema.

Alhamisi, 11 Julai

Hata madaktari waliosoma sana waliwahi kuamini kama bibi yule. Hadi miaka ya 1980, huko Ulaya na Marekani, watoto njiti wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli, lakini ya kuondoa maumivu kidogo mno au hakuna kabisa. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili, dawa ya kuondoa maumivu, wakati wa upasuaji miili yao haikutaharuki kama ya wenzao, na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache.

Neva zinazopeleka maumivu zinafanya kazi tangu mtoto anapozaliwa. Zile za kuyapunguza hukomaa polepole. Kwa hiyo kichanga anaumia, na kinga yake ya ndani dhidi ya maumivu ni ndogo kuliko yetu sisi watu wazima. Kwa sindano ya mara moja hatuwezi kumpa dawa kali. Lakini mama yake yupo hapo hapo.

Jumapili, 21 Julai

Nimeshuka Morogoro mjini kumwona mdogo wangu aliyejifungua njiti. Mtoto amelala kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kanga, kofia kichwani. Huduma hii ya kangaruu aliianzisha daktari Edgar Rey kule Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Baadaye tafiti zikaonyesha faida nyingine: mtoto akitobolewa kisigino akiwa kifuani, dalili za maumivu hupungua.

Muuguzi aliyekuja kuchukua damu hakumchukua mtoto kumpeleka mezani. Alipiga magoti pembeni ya kitanda, akatoa mguu mmoja nje ya kanga, akatoboa ubavuni mwa kisigino. Mtoto alikunja uso, akatulia. Njiti huweza kuumia bila kupiga kelele, hana nguvu ya kulia. Kimya chake kisitudanganye.

Alhamisi, 1 Agosti

Wiki ya Unyonyeshaji imeanza leo, na leo ilikuwa kliniki ya watoto wa wiki sita. Tumewapa kwanza chanjo za matone, polio na rota. Ya rota ina sukari ndani, nayo husaidia kidogo. Kisha nikawaambia, "Akina mama, nyonyesheni hapo hapo benchini, msingoje kuitwa." Mtoto alipokuwa ameshika titi vizuri na anameza, nilimfuata na sinia yangu. Sindano ya Penta kwanza, halafu ya PCV, kwa kuwa inayouma zaidi huwekwa mwisho. Sikumwachisha mtoto titi hata baada ya kuchoma.

Wengine walilia, lakini kilio kilikuwa kifupi na walirudi kunyonya. Kunyonya, ladha ya maziwa, joto la mama na harufu yake vinafanya kazi pamoja. Muda tunaodhani hatuna upo: ndio ule mama anaotumia kungoja foleni.

Ijumaa, 9 Agosti

Mama mmoja ameuliza kama ampe mtoto maji ya sukari kabla ya kuja. Nimemkataza. Hospitalini matone machache yaliyopimwa hutumika wakati mama hayupo au mtoto hawezi kunyonya. Nyumbani, hadi miezi sita, maziwa ya mama peke yake.

Hata mama anayeishi na VVU, anayetumia dawa zake na kunyonyesha, mtoto wake wa wiki sita atobolewe kisigino kwa kipimo cha VVU akiwa kwenye titi.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi tusimwambie mzazi ageuze uso au atoke nje. Tumpe kazi ya kuutuliza. Kwenye kikao cha kituo nitaomba jambo moja: mchomaji awafuate akina mama benchini. Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo, na mtoto wa Mgeta anastahili kama mtoto yeyote.