Choo katika mashua yetu ya tanga

Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo tunaona haya kulitaja mbele ya wanaume, nalo linatusumbua kila tunapopanda mashua: mahali pa kujisaidia.

Mnaijua mashua yetu ndogo ya tanga, ile tuliyoinunua kwa akiba ya kikundi. Ina urefu wa metre 9, inabeba watu 14 na magunia kati ya Uvira na Baraka. Upepo ukiwa mzuri tunafika mapema. Ukikataa, au upepo wa kusini wa kiangazi ukivuma kwa nguvu, tunalala ziwani. Wanaume wanasimama pembeni na kazi imeisha. Sisi je? Tunaacha kunywa maji tangu asubuhi, tunabana mpaka tumbo linauma, na tukifika ng'ambo tunatafuta dawa ya mkojo unaochoma.

Mwaka uliopita mmoja wa mama zetu wakubwa alishindwa kubana. Usiku, katika giza, alichuchumaa nyuma ya mashua akishika kamba. Wimbi likaja, akaanguka. Tulimvuta kwa kikwembe chake, na fundo lilikuwa gumu, Mungu ashukuriwe. Tangu siku ile hakupanda tena. Biashara yake ya ndagala ikalala. Wajukuu wake 2 wa sekondari wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, na wale wetu wanaofundisha waliona mahali pao patupu darasani. Hapo tukasema: choo ni lazima.

Lakini choo gani? Tulipima njia nyingi.

Ya kwanza ni sanduku linaloning'inia nje, nyuma ya chombo. Majahazi ya pwani ya bahari yalikuwa nalo, na lina jina lake, zuli. Mashua yetu ni ndogo. Uzito ukizidi nyuma, mbele inainuka. Tena ni palepale mama yetu alipoanguka.

Ya pili ni choo cha pampu, kama cha mashua za Ulaya. Unavuta maji ya ziwa kwa mkono, na pampu inasukuma uchafu nje. Kinahitaji matundu 2 chini ya maji, kila moja na robine ya kufunga. Mpira wake lazima upande juu ya usawa wa ziwa na uwe na tundu la kupitisha hewa. Bila hivyo maji yanaingia yenyewe, kama mtu anavyovuta mafuta kwa mpira kutoka bidoni, mpaka mashua inajaa. Kikiharibika Baraka, nani atakitengeneza?

Ya tatu ndiyo fundi aliyotushauri: kiti cha mbao na tiyo nene inayotokea ubavuni. Bei ilikuwa ndogo, tukakubali. Hilo lilikuwa kosa letu. Safari ya kwanza tanga liliinamisha mashua, wimbi likapanda ndani ya tiyo, likalowesha magunia 3 ya unga. Tulipofika Baraka tukaona jambo baya zaidi: wasichana walikuwa wanachota maji ya kunywa hatua chache tu kutoka kwenye tiyo yetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometre 670 hivi, na kina chake kinafika metre 1,470, lakini sisi tunachota ukingoni, pale pale mashua zinapolala. Kolera inapita njia hiyo: uchafu wa mtu unaingia majini, maji yanaingia kinywani. Na mtu anaweza kuibeba bila kujisikia mgonjwa. Sisi wa Uvira na Baraka hatuhitaji kitabu kutufundisha hilo. Tuliziba tundu, tukalipa fundi mara ya pili.

Basi tukachagua choo kikavu, na hiki ndicho kimebaki. Tunaeleza kazi yake ili kikundi kingine kiweze kuiga.

Kiti ni sanduku la mbao lenye kimo cha sentimetre 40. Ndani kuna ndoo ya litre 20 yenye kifuniko, imefungwa kwa mpira wa tairi ili wimbi lisiipindue. Mbele ya tundu tumeweka faneli tuliyokata kutoka bidoni ya mafuta. Inapeleka mkojo katika bidoni nyingine. Siri yote iko hapo: mkojo na choo kikubwa vikichanganyika, harufu inakuwa kali, vikitengana, harufu inapungua sana. Kila anayemaliza anamwaga makopo 2 ya majivu au unga wa mbao wa chini ya msumeno. Kila mtu anakaa, hata mwanaume. Nahodha alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili tulimpa kitambaa apanguse mwenyewe, na sasa anakaa.

Mahali pake ni katikati, karibu na mlingoti, kwa sababu pale mashua inatikisika kidogo, na mtu anapata cha kushika. Kwanza tulizungushia kikwembe. Upepo ukakiinua, aibu ikawa kubwa kuliko zamani. Sasa ni mbao pande 3 na bashi nzito kwa mlango. Mbao zinafika mabegani pa mtu aliyekaa, zisizidi, zisije zikashika upepo au kugusa tanga. Pembeni kuna kidumu cha maji na sabuni, na mfuko wenye kifuniko kwa wale walio katika siku zao.

Tukifika, ndoo na bidoni vinamwagwa katika shimo la choo, umbali wa metre 30 au zaidi kutoka kisimani, ziwani kamwe. Vyombo tunaviosha kwanza kwa maji, halafu kwa javeli, na maji hayo nayo yanaenda shimoni. Msitie javeli juu ya mkojo. Inatoa hewa inayoumiza kifua.

Wengine kati yetu walinung'unika, kwa maana choo kimekula mahali pa magunia 2 kila safari. Hesabu hiyo ni ya kweli, hatuifichi. Tulibishana mikutano 2. Mwishoni mama yetu mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza: “Na mahali pangu mimi, mlikuwa mmepahesabu magunia mangapi?” Hakuna aliyejibu. Tukapiga kura, choo kikabaki.

Amepanda tena mara 4. Kabla ya kuondoka anakunywa kikombe kizima cha maji, mbele yetu wote.

Kikundi kinachotaka kupima mbao na kuona faneli kije ufukweni Jumamosi asubuhi. Mje na metre na kalamu.