Siku Tano Katika Nyumba Inayoelea

Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu Upareni maji tuliyoyajua ni ya mfereji wa shambani, na mpaka leo sijui kuogelea. Kwa hiyo binti yetu anayesoma Uholanzi alipotuarifu kwamba yeye na wenzake wametuandalia siku tano za mapumziko jijini Amsterdam, tena ndani ya mashua, nilidhani anatania. Kumbe hakuwa anatania. Ilikuwa zawadi ya watoto kwa kutimiza miaka 25 ya ndoa yetu. Baba watoto, ambaye ni mzaliwa wa Ukerewe, alicheka peke yake. Mimi nilifunga mizigo huku nikiomba.

Amsterdam ni mji uliojengwa juu ya ardhi ya majimaji. Mifereji yake mikuu, yaani Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilichimbwa katika karne ya 17. Imeuzunguka moyo wa mji kama maganda ya nusu ya kitunguu, na mwaka 2010 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kandokando ya mifereji hiyo, chini ya miti, zimefungwa nyumba za majini zipatazo 2,500 katika mji mzima. Wenyeji huziita woonboot, yaani mashua ya kuishi.

Yetu ilikuwa tishari la chuma lililokuwa likibeba shehena zamani. Kwa nje lilikuwa jeusi na la kawaida tu. Lakini mama wazungu, bibi wa makamo mwenye nyumba hiyo, alipotufungulia mlango wa buluu na kutuongoza kushuka ngazi, nilisimama nikashika mdomo. Mahali palipokuwa pakikaa mizigo pamekuwa sebule yenye kuta nyeupe na sakafu ya mbao iliyopashwa joto kwa chini. Mwanga uliingia kwa madirisha ya darini. Kila kidato cha ngazi kilikuwa pia droo: kimoja cha viatu, kingine cha mashuka. Meza ya kulia ilikunjwa ikalala ukutani. Makabati ya jikoni yalikuwa na vilimi ili vyombo visimwagike mashua ikitikisika. Kitanda kilikuwa kwenye omo, mahali mashua inapochongoka, hata miguu yetu ilikutana kwenye ncha. Madirisha yalikuwa karibu sawa na maji, hivyo nilipokuwa nikiosha vikombe bata alipita akanitazama usoni. Nilimkumbuka mke wa Nuhu, ambaye Biblia haikututajia hata jina lake, nikajiuliza yeye alipanga vipi jiko lake.

Mama yule alitueleza asili ya makazi hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba zilikuwa haba sana. Wakati huohuo mizigo ilikuwa ikihamia kwenye malori na meli kubwa zaidi, na matishari ya zamani yakauzwa kwa bei nafuu. Watu wasio na pa kuishi wakayanunua. Makazi yaliyoanza kwa shida, leo yanauzwa kwa fedha nyingi. Zamani maji machafu yalimwagwa mferejini. Siku hizi nyumba hizo zimeunganishwa na mabomba ya mji. Mashua ya chuma hupelekwa cheleloni kila baada ya miaka michache ili tumbo lake likaguliwe kutu. "Nyumba ya majini," alisema, "haikungoji mpaka uone ufa."

Usiku wa kwanza sikulala. Kila chombo kilipopita, kitanda kiliinuka kidogo kikashuka. Asubuhi nilimwambia mzee tuhamie hotelini. Akakataa. Maneno yakawa makali, kisha kukawa kimya.

Mama mwenzangu, hapo ndipo uzuri wa nyumba ile ulipogeuka mtihani. Nyumbani tuna vyumba vinne. Tangu mtoto wa mwisho aondoke, mzee hukaa na taarifa ya habari, nami na jikoni langu, na siku inakwisha tukiwa tumeongea habari za luku na dawa ya presha tu. Kumbe tulikuwa tumezoea kukimbiana. Ndani ya mashua, kutoka kitandani mpaka mezani ni hatua sita. Huna pa kwenda kununia.

Siku ya tatu tulikwenda, bado tumenuniana, katika nyumba ya Anne Frank, iliyoko kwenye mfereji uleule wa Prinsengracht. Humo, nyuma ya kabati la vitabu, Wayahudi wanane walijificha kuanzia mwaka 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Zaidi ya miaka miwili wasitoke nje, wala mchana wasithubutu kuvuta maji chooni. Kati ya wanane hao, ni baba yake Anne peke yake aliyeokoka. Tulipotoka, mzee alinishika mkono. Hatukusema kitu mpaka tukafika melini kwetu.

Jioni ile, tukinywa chai huku kengele za kanisa la Westerkerk zikilia, alisema, "Mama watoto, kuna jambo." Alikuwa amemdhamini mdogo wake mkopo, miaka miwili iliyopita, bila kuniambia. Mdogo wake ameshindwa kulipa, na sasa deni linakatwa kwenye kiinua mgongo chetu. Kumbe ule ukimya wote wa nyumbani ulikuwa huo. Nilikasirika, nisikufiche. Nililia pia. Lakini sikuwa na mlango wa kubamiza, kwa hiyo nilibaki mezani, naye akabaki. Tulichukua karatasi tukaandika tarakimu mpaka saa sita usiku, kisha tukaomba pamoja, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. Deni bado lipo. Tunalilipa wawili.

Asubuhi ya kuondoka nilimwuliza mama mwenyeji mashua inazuiwaje isichukuliwe na maji. Alinionyesha pete za chuma zilizovaa nguzo zilizosimikwa chini ya mfereji. Pete zinashikilia, lakini zinateleza juu na chini. Ukiifunga kwa kukaza sana, maji yakipanda au kushuka, kitu kitakatika. Nilimtazama mzee, naye alikuwa ameshaelewa.

Kwa atakayejaliwa kwenda: tiketi za nyumba ya Anne Frank huuzwa kwa intaneti tu, nazo hukatwa majuma kadhaa kabla. Ngazi za mashua ni kali kwa magoti, na mwenye mtoto mdogo asimwachie mkono hata mara moja sitahani.

Lakini si lazima uvuke bahari. Chagua jioni moja, zima televisheni, sogezeni viti viwili karibu, na mmoja asiondoke mezani mpaka mwenzake amalize kusema. Yesu alikuwamo ndani ya chombo kidogo pamoja na watu waliojaa hofu. Hata katika chumba chako kimoja, atakuwamo.