Mwongozo Mkongwe

Kijana mwenye pesa ya kitabu kimoja tu, tena cha mtumba, akinunua mwongozo wa zamani wa kuandika programu za kompyuta, amepata elimu au amebeba karatasi? Swali hili linanihusu. Mwongozo wangu ni The C Programming Language wa Brian Kernighan na Dennis Ritchie. Ulitoka Marekani mwaka 1978. Wangu ni toleo la pili, la 1988. Umri umenizidi, bwana!

Sikatai, humo mna mambo yaliyooza. Kwa mfano wameorodhesha gets, amri ya kupokea maandishi. Amri hii haipimi urefu. Maandishi yakizidi nafasi yaliyotengewa, yanafurika na kuharibu yaliyohifadhiwa jirani. Novemba 1988, mwaka uleule wa toleo langu, mwanafunzi Robert Morris aliachia programu ya kujisambaza iliyopenya maelfu ya kompyuta, na mojawapo ya nyufa zilizoipitisha ilikuwa gets hiyohiyo. Mwaka 2011 kanuni rasmi za C zikaifuta kabisa. Kitabu changu hakina habari!

Lakini hebu, ndugu msomaji, fungua sura ya 3. Wanaonyesha namna ya kutafuta namba katika orodha iliyopangwa kwa mfuatano. Tazama ya katikati. Kama unayoitaka ni ndogo kuliko hiyo, tupa nusu ya juu. Kama ni kubwa, tupa ya chini. Rudia. Orodha ya namba 1,000 unaimaliza kwa hatua zisizozidi 10. Ilikuwa hivyo 1988, na leo ni hivyo hivyo, hata ukiandika kwa lugha nyingine.

Na wala usidhani kipya ndiyo usalama. Python 2 ilifikia mwisho wake Januari 2020. Miongozo yake inakuagiza uandike print bila mabano. Ukiipa Python 3 amri hiyo, inakugomea papo hapo.

Basi vijana wenzangu, mkiwa mbele ya muuza vitabu, msitazame mwaka peke yake. Someni kurasa mbili tatu palepale. Kama kinasema tu "andika hiki, andika kile", mrudishieni mwenyewe. Kama kinaeleza kwa nini, toeni pesa. Amri zake mtazihakiki moja moja kwenye mashine ya leo. Kazi ya ziada ipo, ila kwa bei ya mtumba, mimi naona inalipa.