Marseille: Bahari, Sanamu na Picha Tunazotumiwa

Mwaka 2023 nilialikwa ku mukutano moja kule Ufaransa. Mukutano ulipoisha nilibakia na siku mbili za kupumzika. Rafiki moja akaniambia: « Pasta, twende Marseille, uone bahari. » Mimi mutoto wa Katanga, bahari nilikuwa ninaiona ku karte ya jeografia tu. Nikapanda treni.

Gare ya Saint-Charles imejengwa juu ya kilima. Ukitoka nje, unakuta vipandio 104 vya majiwe, na unashuka navyo mpaka ndani ya muji. Pale kuko sanamu mbili kubwa za wanawake wamelala ubavu: moja inaitwa « Makoloni ya Afrika », ingine « Makoloni ya Asia ». Zilitengenezwa miaka ya 1920, wakati mali ya makoloni ilikuwa inashushwa ku bandari hii. Hata sabuni ya Marseille, ile yenye sifa dunia nzima, viwanda viliitengeneza kwa mafuta ya mizeituni, kisha na kwa mafuta ya ngazi toka Afrika. Mutu wa kwetu, anayeona kila siku mashaba inavyoondoka, hana lazima ya kufasiriwa sanamu ile.

Bandari ya zamani

Karibu miaka 600 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu, Wagiriki walifika hapa na masua zao wakaanzisha muji. Bandari yao ingali katikati ya muji mupaka leo. Asubuhi wavuvi wanauzisha samaki pale pale ku kivuko, wangine wangali wanarukaruka. Tangu 2013 kuko paa moja ya chuma inayongaa kama kioo: ukiinua macho unajiona kichwa chini. Watoto wanacheka, na mimi muzee nikacheka pamoja nao. Juu ya mulima kuko kanisa kubwa la Wakatoliki, Notre-Dame de la Garde. Ndani yake masua ndogo ndogo zimetundikwa juu, shukrani ya mabaharia waliopona. Sisi Waprotestanti hatuombi vile, lakini shukrani ya mutu aliyetoka ndani ya tufani ninaiheshimu.

Tulipanda masua mpaka kisiwa cha If, dakika karibu makumi mbili. Ni boloko ya zamani. Baada ya mufalme Louis XIV kufuta ruhusa ya Waprotestanti mwaka 1685, wengi walifungwa hapa. Wangine walihukumiwa kuvuta makasia ndani ya masua za mufalme, wakifungwa munyororo ku miguu, na masua zile kituo chao kilikuwa Marseille. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mimi nilitoa kofia.

Hapa tena ndipo mwaka 1720 masua moja ilileta tauni. Sheria ilisema vitambaa vikae mbali na muji kwanza. Lakini wafanyabiashara walikuwa na haraka ya soko, na mukubwa moja wa muji alikuwa na mali ndani ya masua ile. Vitambaa vikaingia. Karibu nusu ya watu wa muji wakakufa. Sisi wa miji ya migodi tuisikie vizuri habari hii.

Njia ya nyuma

Siku ya pili nilienda Noailles, soko la watu wa kila kabila. Kuko mihogo, ndizi, samaki wa kukauka, sauti za Afrika. Karibu na pale, ku njia ya Aubagne, nyumba mbili zilianguka tarehe 5 Novemba 2018, watu munane wakakufa. Niliona fasi iliyobakia wazi.

Kule nikakutana na kijana moja wa kwetu. Aliniruhusu kusimulia, lakini jina lake sitalitaja. Anatumika usiku kusafisha masahani. Wanalala wanne ndani ya chumba kimoja, ukuta umelowana. Kila siku ya Mungu anaazima koti ya rafiki, anasimama kando ya bahari, anapiga picha, anaituma kwa mama yake. Mama anawaonyesha majirani.

« Baba Pasta, » akasema, « sasa mudogo yangu anataka kuuzisha parseli ya baba apate franga za kupita Libya. »

Nikamuuliza: « Umemwambia nini? »

« Sikumwambia kitu. Ninaona haya. »

Tangu 2014, zaidi ya watu 25,000 wamekufa ao wamepotea ndani ya bahari ile nzuri niliyokuwa ninaifurahia. Nikamwambia: « Mutoto yangu, haya haijaua mutu. Maji ndiyo inaua. Mupigie simu sasa. »

Akapiga. Akageuza telefone, akamuonyesha mudogo yake ukuta, vitanda, ndoo inayopokea maji. Yule akanyamaza sana. Kisha akauliza: « Na bahari? »

« Bahari iko, » akajibu. « Lakini hatulali ku bahari. »

Nilipoandika hii, parseli ilikuwa haijauzishwa. Mudogo anajifunza usudeaji.

Vijana, simuambie kwamba Marseille ni mubaya. Ni muji muzuri, na Mungu akikufungulia njia ya haki, nenda, ukaone. Lakini picha inaonyesha tu fasi ambayo mwenye kuipiga amechagua. Na ninyi mulioko mbali, muwatumie wazazi picha ya ukuta pia. Wazazi, mutoto akituma picha ya bahari, mumuulize kwa upole: « Na unalala wapi? »