Nusu Sekunde

Jumamosi, 30 Machi 2024

Tangu jana usiku sijashika kazi nyingine. Hata futari nimekula huku nasoma. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo akaona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa. Kulikokuwa kunachukua sekunde 0.299 sasa kunachukua 0.807. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesingizia mtandao. Yeye akaifuata mpaka akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, akakuta matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yametiwa mlango wa siri.

Jinsi ulivyofichwa inatisha. Sumu iliwekwa kwenye mafaili ya majaribio, ambayo mengine hutakiwa yawe mabovu ili programu ijipime nayo, kwa hiyo hakuna anayehangaika kuyachungulia. Maagizo ya kuitoa humo hayakuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaiona. Yalikuwa ndani ya kifurushi cha toleo tu. Anayeshika ufunguo wa mlango ule angeweza kuiamuru seva ya mtu bila nenosiri. Alhamdulillahi, kwa sehemu kubwa matoleo hayo yalikuwa hayajavuka mifumo ya majaribio. Seva zetu zinatumia Debian imara, zimesalimika.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo nimefika kwenye barua pepe za mradi wa xz za 2022, na hapa ndipo panaponiuma kuliko mlango wenyewe.

Lasse Collin, Mfini, aliitunza xz kwa miaka mingi bila malipo. Mwaka huo watu wasiojulikana walianza kumsakama: mbona kazi haiendi, mbona hujibu, si umpishe mwingine? Aliwajibu kwa upole kwamba ana matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na kwamba kazi yenyewe haina mshahara. Hawakumhurumia. Na kando alikuwapo mtu anayejiita Jia Tan, mpole, anayeleta marekebisho safi, tayari kusaidia. Ndiye aliyekabidhiwa sehemu ya funguo. Wengi sasa wanaamini kwamba yeye na wale walalamikaji lao lilikuwa moja.

Nimezisoma zile barua mara mbili. Ukizichanganya na barua za mradi mwingine wowote, huzitambui. Hakuna tusi hata moja. Ni ile sauti tuliyoizoea, ya kumsemesha mtunzaji wa programu huria kana kwamba amekula pesa zetu. Wavamizi hawakuhitaji kubuni silaha, waliikuta kwetu.

Alhamisi, 4 Aprili

Lugha ya programu ya Python ndiyo inayonilisha. Mwanzo niliipendea usomekaji wake:

for mkopo in mikopo:
    if mkopo.umechelewa:
        tuma_ujumbe(mkopo.simu)

Mhasibu wetu hajawahi kuandika msimbo, lakini aliyaona haya kwenye skrini yangu akaniambia papo hapo yatafanya nini.

Siku hizi naipendea watu wake. Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, akiwa Amsterdam, akaiongoza hadi Julai 2018 alipojiuzulu. Kisa ni alama mbili tu, := , ambazo wengine walitaka ziongezwe kwenye lugha na wengine wakazikataa kwa ukali. Pendekezo lilipita. Aliyechoka ni yeye: alisema hataki tena kupigania jambo kwa nguvu kiasi kile halafu aone watu wengi hivyo wanadharau uamuzi wake. Baada yake jumuiya iliunda baraza la watu watano wanaochaguliwa kwa kura. Mzigo wa mtu mmoja ukagawanywa. Xz haikuwahi kupata bahati hiyo.

Jumapili, 7 Aprili

Kwenye kundi letu waandika msimbo la WhatsApp kijana kauliza: “Kaka zangu, najifunza PHP, nitapata kazi kweli?” Majibu yalikuwa vikaragosi vya kucheka, kisha mmoja akamwambia PHP ilishazikwa. WordPress imeandikwa kwa PHP. Moodle wanayosomea wanafunzi wa vyuo vyetu nayo ni ya PHP. Nimemwandikia pembeni: “Mdogo wangu, endelea. Nitumie ulichokwisha kuandika nikione.” Kanitumia mfumo wa ada wa shule ya jirani yao, na unafanya kazi. Mtu wa namna hii tukimvunja moyo leo, nani atakuja kutunza msimbo tunaouandika?

Jumamosi, 13 Aprili

Jana, kabla watu hawajamaliza pilau za Idi, nilimfuata meneja. Nilimwomba Ijumaa mchana iwe ya kuhudumia maktaba za msimbo tunazozitumia bure.

“Sasa hiyo inamlipa nani?”

“Sisi, dada. Yule anayetunza ile ya ripoti za PDF yuko peke yake. Akichoka, ripoti za wateja wetu nazo zinasimama.”

Akafikiri. “Haya, tujaribu hadi Juni.”

Nikamwandikia mtunzaji kumuuliza ni kazi ipi inayomchosha zaidi. Kajibu asubuhi hii: malalamiko yasiyo na mfano, maana inabidi kila kosa alitafute mwenyewe gizani. Nimechukua lalamiko la zamani kuliko yote, linalosema jina lenye ritifaa linakatika katikati. Mlalamikaji hakutoa jina hata moja. Sisi tunao tele wateja wa Kanda ya Ziwa wenye majina ya namna hiyo: Ng'wandu, Ng'wanakilala. Kosa limejirudia mara ya kwanza tu nilipojaribu, pale ritifaa inapokuwa ile iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe. Nimeandika jaribio dogo lenye majina hayo mawili nikampelekea, pamoja na mstari wa msimbo ninaoushuku. Ijumaa ijayo nachukua linalofuata.