Shangazi wa Dimani na vipande vya korosho

Wadau, leo tuweke ubuyu pembeni kidogo tuongee hela.

Nina shangazi yangu yuko Dimani, kule Kibiti. Jina nalihifadhi, maana simu yake siku hizi ina bando. Kazi yake korosho: anabangua, anakaanga, anafunga vipakiti, kijana wake anawauzia abiria wa mabasi ya kusini. Miaka yote hivyo hivyo. Na kubangua kwa mkono mnakujua, mafuta ya ganda yanababua vidole na korosho kibao zinavunjika. Nzima ina bei yake, vipande unabembeleza mtu.

Basi kikundi chao kikapata ule mkopo wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024.

Wenzake wakataka wagawane. Shangazi akagoma. "Tukigawana, kila mtu atanunua korosho zaidi, tuvunje zaidi." Wawili walimnunia wiki nzima! Mwisho wakanunua mashine ya kusagia na chupa za mfuniko, vile vipande vikawa siagi ya korosho. Unapaka kwenye mkate, wengine wanatilia kwenye mchuzi wa samaki badala ya nazi. Chupa za mwanzo mafuta yalielea juu, wateja wakadhani imeoza. Wakaandika kwenye karatasi ya chupa: koroga kwanza. Malalamiko yakaisha. Sasa kilichokuwa kinabembelezwa ndo kinaulizwa bei kabla ya korosho nzima.

Mimi ndo maana sishangilii nikisikia kikundi kimepewa mamilioni. Nauliza, mnakwenda kutengeneza nini ambacho jana hamkuwa nacho?

Ila msidhani mambo mteremko. Rejesho ni kila mwezi, korosho inavunwa mara moja kwa mwaka. Minada ikianza kama mwezi wa kumi hivi, ghafi inakwenda ghalani kupitia AMCOS, na kununua kangomba ni kosa. Kwa hiyo wanaweka akiba ya mashamba yao wenyewe, na hiyo ndo wanagombania kila kikao, maana kuna ada za watoto. Halafu bila alama ya ubora ya TBS maduka makubwa ya Dar hawakusikilizi, so hela nyingine inatengwa huko.

Jana kanipigia, hakunisalimia hata vizuri. Anataka chupa. Mwenye kujua Kariakoo wanauza wapi za jumla, zenye mfuniko unaobana, aniambie.