Kutoka Shanwe Hadi Katuma: Safari ya Kambare

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona sokoni kambare aliyekaushwa kwa moshi: mweusi, mgumu, kakunjwa kama pete, mkia umechomekwa kichwani. Umeuliza bei, umemtia kapuni, ukaenda zako nyumbani. Ni wachache wanaojiuliza samaki huyo ametoka wapi, na alikuwa akienda wapi siku aliyonaswa. Leo tunakualika ufunge safari hadi Mpanda, ukamwone kambare angali hai, tena katika siku ambazo kwake ni kama siku za harusi.

Ukiondoka Tabora kwa garimoshi, utafika Kaliua, na hapo njia ya Mpanda huiacha ile iendayo Kigoma. Kutoka Kaliua ni zaidi ya kilometa 200 za misitu ya miombo. Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya abiria kama wewe. Ilijengwa wakati wa ukoloni ili kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Madini yale yalikoma, mji ukabaki, na tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Shanwe ni mojawapo ya kata za mji huo. Fikia hapo, upumzike, kisha usubiri mvua.

Nasema usubiri mvua kwa sababu bila mvua hakuna habari ya kusimulia. Huku majira ni mawili tu makubwa: kiangazi, tangu Mei hata Oktoba, na masika, tangu Novemba hata Aprili. Mwisho wa kiangazi nyasi huwa kavu, vumbi hutanda na wakulima hutazama mawingu kila jioni. Mvua ya kwanza inapopiga mabati, watu wa mjini hufunga madirisha. Mkulima hutafuta jembe, na mvuvi huanza kukagua migono yake.

Sasa shika barabara ya Sumbawanga, mwendo wa kama kilometa 35, utafika Sitalike, kwenye ukingo wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Hapo utauona Mto Katuma. Ukija mwezi wa Oktoba utahuzunika: viboko wamebanana katika madimbwi ya tope, migongo imegusana kama magunia bohari, na mamba wamejificha katika mapango ya kingo za mto. Ukirudi mvua ikishakolea, hutaamini macho yako. Maji ya Katuma huvimba na kutapakaa mbugani, yakajaza mabwawa ya Katavi na Chada, kisha yakaendelea kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto hata mmoja wa kuyatoa maji yake nje.

Hiyo ndiyo saa ya kambare. Wakati wa kiangazi alivumilia ndani ya tope, kwani Mwenyezi Mungu amemjalia kiungo juu ya matamvua kimwezeshacho kuvuta hewa kama sisi. Maji mapya yanaposhuka, huyahisi kwa sharubu zake nane, akaanza kupanda dhidi ya mkondo. Hupanda vijito na mifereji mpaka kwenye nyasi zilizofunikwa na maji haba, na pengine hujiburuta juu ya ardhi yenye unyevu akisaidiwa na miiba ya mapezi yake. Usiku, katika maji hayo ya kina kifupi, majike hutaga mayai maelfu kwa maelfu, nayo hunata kwenye majani. Baada ya kama siku moja au mbili tu mayai huanguliwa. Wazazi hurudi mtoni. Watoto hubaki mbugani wakila na kukua, hadi maji yatakapopungua na kuwachukua nao mtoni.

Msomaji aliyesoma habari za nchi za mbali atakumbuka samoni aitwaye koho. Huyo huzaliwa katika mito ya Marekani na Kanada iingiayo Bahari ya Pasifiki, huenda baharini kunenepa, na majira ya majani kupukutika huurudia mto aliozaliwa, akiruka maporomoko kwa nguvu zake zote. Akishataga, hufa. Kambare wetu ana bahati zaidi: akiachwa salama, hupanda tena mwaka ujao, na mwaka wa pili yake. Lakini katika jambo moja samaki hawa wawili ni ndugu. Wote wawili hujipeleka wenyewe mbele ya binadamu, kwa wingi, katika njia nyembamba, siku ileile wanayobeba kizazi kijacho.

Hapo ndipo penye mtihani. Mvuvi wa ndoana hupata mmoja mmoja. Mwenye mgono, yaani mtego uliosukwa kama kikapu, huutega pembeni mwa kijito, akapata kitoweo na cha kuuza, na samaki wengine wakapita. Lakini yuko pia anayeziba kijito kizima kwa uzio, ukingo hadi ukingo, au anayetandaza chandarua kilichokusudiwa kumkinga mtoto na mbu. Huyo hujaza ndoo zake asubuhi moja, majike wenye mayai na vitoto visivyotimia kidole. Watu humsifu kwa uhodari. Kwa hakika amekula mbegu.

Hata hivyo tusimtwike mvuvi lawama zote. Katika miaka ya 2000 watafiti waliandika kwamba Katuma, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na miongoni mwa sababu walitaja maji kuchepushwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Mpunga ni chakula, na mkulima ana watoto kama mvuvi. Lakini mto ulionyweshwa shamba mpaka tone la mwisho haumfikishi samaki popote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Meta 60 si nyingi: ni chini ya urefu wa uwanja wa mpira. Wenzetu wa Marekani walichelewa. Mabwawa, ukataji miti na uchepushaji wa maji viliwabana samoni wao, na mwaka 2005 Serikali yao iliwaandika koho wa pwani ya kati ya California katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kabla hujaondoka, pita sokoni Mpanda ununue kambare. Msalimu mama muuzaji, umwulize kwa nini samaki wake wamekunjwa. Atakucheka kidogo, kisha atakwambia, "Akishakauka, baba, hakunjiki, atavunjika." Ukifika nyumbani mroweke katika maji ya moto, umwoshe vizuri kuondoa masizi na mchanga, kisha umuunge kwa kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa. Ugali ukiwa tayari, waite watoto.

Na wakati mnakula, wasimulie safari ya samaki huyo. Waambie kwamba alipanda mto usiku wa mvua, na kwamba yupo mezani leo kwa kuwa mwaka fulani mvuvi fulani aliacha nafasi mtoni, mama yake akapita. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tumezoea kuusema msemo huo tukiwakusudia watoto. Safari hii tujikusudie sisi wenyewe: mvuvi, mkulima na mlaji. Tabia zetu juu ya mto tuzikunje sasa, Katuma ungali na maji.